Sauti ya Tatu

Niseme mapema: mimi siamini uchawi. Nimesimama kwenye midahalo ya chuo, ukumbi umejaa, nikawaambia watu wazima usoni kwamba uchawi ni jina tunalompa mjane tukitaka aondoke kwenye nyumba. Nitalisema tena hata kesho. Ila yaliyompata mama mdogo wangu Jumamosi ile sijayapatia hoja mpaka leo.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa limeingia sebuleni hadi miguuni pa kochi, jirani alikuwa nje akisugua masufuria. Mama mdogo alinifungulia mlango, kitambaa cha kulalia bado kichwani.

"Kompyuta imegoma tangu jana."

"Shikamoo," nikamkumbusha.

"Marahaba, mwanangu. Imegoma."

Ile kompyuta ndiyo inayomlisha. Watafiti humletea mahojiano yaliyorekodiwa, naye huyasikiliza kwa hedifoni na kuyachapa neno kwa neno. Wasemaji huwapa namba kwa jinsi wanavyoanza kusikika: Sauti ya Kwanza, Sauti ya Pili. Kisicho neno hukiweka kwenye mabano: (anacheka), (mlango unafungwa). "Kinachosikika kinaandikwa," alinifundisha nilipokuwa nikimsaidia wakati wa likizo. "Huongezi, hupunguzi." Sasa kazi ya mwezi mzima ilikuwa imefungiwa mle ndani, na ilitakiwa kabla ya jioni. Ikikosekana, mkataba umekwenda, kodi ya nyumba imekwenda, na yeye anakwenda kumpigia magoti wifi yake.

Wifi! Hapo ndipo damu inaponichemka. Baba mdogo aliugua mapafu muda mrefu. Mwishoni alilala kwenye lile kochi, nyuma ya kiti cha mkewe, kwa sababu alipenda kumsikia akichapa. Akafia palepale. Msiba haujaisha, dada yake akasimama katikati ya watu akatangaza kwamba mama mdogo ndiye aliyemla. Mwanaume akifiwa na mke anapewa pole na kutafutiwa mwingine. Mwanamke akifiwa na mume anaitwa mchawi. Kikao gani kilipitisha hilo, na nani alikuwa mwenyekiti?

Nikabonyeza kitufe. Kitaa cha kijani kikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha. Vilevile.

"Wifi alisema mikono yangu haitafanya kazi tena," mama mdogo akanong'ona.

"Wifi yako redio tu inamshinda kuwasha, ataweza kuroga kompyuta?"

"Punguza sauti."

"Kwani nani amelala?"

Alilitupia kochi jicho la haraka, kama mtu anayechungulia mgonjwa.

Fundi niliyempigia simu alipofika alikuwa na bisibisi nyuma ya sikio na utani mdomoni. "Mama, mgonjwa wetu alianza kuumwa lini?" Akafungua kasha, akapuliza vumbi, akachomoa kadi ya kumbukumbu na kuisugua kwa ufutio wa penseli. Akairudisha, akawasha. Kioo cheusi.

"Ubao mkuu umekufa," akasema. "Lakini kazi zako ziko kwenye diski, na diski huwa haifi kirahisi. Tuitoe."

Akachomoa waya ukutani, akaitoa diski na kuiunganisha na laptop yake juu ya meza ya chakula. Mimi na yeye tukainama kutazama.

Kazi ilikuwepo. Yote. Mama mdogo akajitupa kwenye kiti chake cha kazi, kochi likiwa mgongoni kwake, akafunika uso kwa viganja. "Asante, Mungu wangu."

"Na hili faili jingine?" fundi akauliza. "Limehifadhiwa sasa hivi."

"Haiwezekani," nikasema. "Haijawaka."

"Ndiyo nashangaa, dada."

Akalifungua.

SAUTI YA KWANZA: Kompyuta imegoma tangu jana.
SAUTI YA PILI: Shikamoo.

Nilitaka kucheka. Nilidhani fundi anatuchezea. Lakini salamu ile niliitoa kabla hajafika.

Nikasoma. Yalikuwa maneno yetu. Yote, hata ya wifi na redio.

SAUTI YA PILI: Kwani nani amelala?
SAUTI YA TATU: (anakohoa)

Fundi alikuwa bado hajagonga hodi. Alipoingia, aliandikwa Sauti ya Nne. Ya tatu ilikuwa imeshachukuliwa.

Kidole cha fundi kikateleza kwenye laptop. Ukurasa ukashuka hadi mwisho.

SAUTI YA PILI: Haiwezekani. Haijawaka.
SAUTI YA NNE: Ndiyo nashangaa, dada.
SAUTI YA TATU: (anainuka kwenye kochi)
SAUTI YA PILI: Mama mdogo, usigeuke.
SAUTI YA KWANZA: (anageuka)

Sikuwa nimesema hivyo.

Springi za kochi zikalia.

"Kuna nini?" mama mdogo akauliza. Viganja bado usoni.

Maneno yakapanda. Yakafika kwenye meno. Mimi, ambaye hakuna mwenyekiti wa mdahalo aliyewahi kuninyamazisha. Nikang'ata ulimi. Nikamshika mkono. Nikamvuta. Mbele. Mlangoni. Sikutazama kochi. Fundi alikuwa ameshatoka, laptop kifuani, diski ikining'inia kwenye waya wake.

Nje jua lilikuwa kali. Jirani bado alikuwa akisugua masufuria.

Kazi tuliituma kutoka barazani, kwa intaneti ya simu yangu, na mkataba haukuvunjika. Siku hizi mama mdogo anaishi nasi na kuchapa kwenye mashine mpya. Kiti chake amekiweka mgongo ukutani, na hatumuulizi. Wifi bado anasema yake, nami bado namjibu. Hili hatalisikia kwangu, maana sitampa silaha.

Ila pale barazani, kabla fundi hajafunga laptop, nilimnong'oneza alifungue tena lile faili. Mistari miwili ya mwisho haikuwepo. Mahali pake paliandikwa:

SAUTI YA PILI: (kimya)
SAUTI YA TATU: (anasubiri)

Kinachosikika kinaandikwa. Huongezi, hupunguzi. Sasa mtu aniambie, kusubiri kunasikikaje?