Rangi Alizozificha Uwesu

Ndugu zangu wa Kariakoo, niwasimulie yaliyompata jirani yetu Uwesu, mwaka ule tulipopanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika.

Uwesu alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alikanyaga pedali barazani, mkewe Zamzam akichoma vitumbua, wapita njia wakiwasalimu. Nyumba ilitulia. Kisha Uwesu akaanza kukonda na kunywa maji bila kukata kiu. Hospitali wakamwambia ni kisukari. Akapewa sindano za kujidunga na dawa ya bluu ya kuchemshia mkojo nyumbani: ikibaki bluu, salama, ikigeuka nyekundu kama tofali, sukari imezidi.

"Ukija uniambie rangi ulizoziona," alisema Daktari Filbert. "Mimi nakuona mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote unajiona mwenyewe."

Uwesu alipima, akaona nyekundu. Lakini alimwonea haya daktari. Hakutaka kudhaniwa mlafi. Kila mwezi alijibu, "Bluu, daktari." Dozi ikabaki ileile.

Siku moja Zamzam alimkuta uani akiimwaga dawa iliyogeuka nyekundu.

"Baba Sabaha, mbona husemi ukweli?"

"Mambo ya hospitali niachie mimi. Unataka nigombezwe kama mtoto?"

Wangapi kati yetu tungejibu hivyohivyo?

Kidole cha mguu kikafanya kidonda. Nacho akakificha ndani ya soksi, hadi siku alipoanguka barazani. Hospitali waliukata mguu chini ya goti.

Zamzam ndiye aliyemweleza daktari. "Ilikuwa nyekundu tangu Ramadhani."

Daktari Filbert alilifunga faili la Uwesu. "Ningejua, ningeongeza dawa mwezi uleule."

Uwesu aligeukia ukutani, akalia.

Alirudi kliniki kwa magongo. Safari hii hakusubiri kuulizwa.

"Jioni bluu, daktari, lakini asubuhi nyekundu. Naona sindano ya jioni ndiyo haitoshi."

"Hata mimi naona hivyo. Tuiongeze kidogo, uendelee kupima, uniambie."

Wakaendelea hivyo, wawili, hadi asubuhi nazo zikawa bluu. Mguu haukurudi. Leo Uwesu anashonea cherehani ya mkono, na Zamzam huingia naye kwa daktari.

FUNZO

Ndugu zangu, daktari hakai nyumbani kwako. Unachokiona mwilini mwako ni sehemu ya matibabu. Kiseme kama kilivyo, hata kama kinakuaibisha, na umruhusu anayeishi nawe akiseme. Ukimdanganya daktari, anatibu mtu mwingine asiyekuwepo, na wewe unabaki na ugonjwa wako.