Kioo Kilichopakwa Chokaa

"Bethan! Acha hizo sufu, toka nje ukaone!"

Glenys wa duka la mikate alikuwa amesimama mlangoni, aproni imejaa unga, mkono kifuani kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

"Kuna nini? Moto?"

"Heri ungekuwa moto, moto una maji yake. Wamebandika tangazo mlangoni pa benki. Wanafunga!"

"Si leo Jumatano? Jumatano sote tunafunga mchana."

"Wewe nawe! Wanafunga moja kwa moja. Mwisho wa mwezi huu, basi. Kwani mchumba wako hakukwambia?"

Swali lile lilimwingia Bethan kama sindano chini ya ukucha. Iwan, mchumba wake, ndiye aliyekuwa mkuu wa tawi lile, benki ya mwisho iliyobaki katika mji mdogo wa Penfelin. Pete yake ilikuwa kidoleni pa Bethan tangu Krismasi.

"Hakuniambia," akajibu.

"Basi na yeye kashtukizwa kama sisi," Glenys akasema. Mdomo ulisema hivyo. Macho yalisema mengine.

Bethan akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikakata. Akaandika:

"Iwan, niambie si kweli."

Majibu yakaja: "Ni kweli. Njoo tukishafunga. Nisamehe, mpenzi."

Hilo "nisamehe" ndilo lililommaliza. Mtu aliyeshtukizwa haombi msamaha.

Akaketi juu ya kigoda, katikati ya sufu na vifungo vya duka aliloachiwa na mama yake. Majira ya kuchipua, alipokuwa anataka kusaini mkataba wa pango la duka wa miaka mitano, Iwan alimwambia, "Subiri kidogo." Akamuuliza kwa nini. Akasema, "Subiri tu." Bethan akadhani mwenzake anasitasita kuoa. Akasaini kwa hasira. Kumbe!

Na kila mtu Penfelin alijua hesabu hii isiyohitaji kalamu. Alhamisi ni siku ya mnada wa kondoo. Wafugaji hushuka kutoka milimani, mume anaingia benki, mke anaingia kwa Bethan kununua sufu, wakitoka wanapita kwa Glenys kuchukua mikate. Benki ikiondoka, wataendesha gari mpaka mji mkubwa, na sufu na mikate watanunua huko huko.

Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba isiyo na haraka, alipoingia benki. Iwan alikuwa peke yake nyuma ya kioo. Mapenzi yao yalizaliwa kwenye kioo kile. Miaka ile ya mwanzo Bethan alikuwa akileta mauzo ya siku, na Iwan hapokei mfuko mpaka ategewe kitendawili. "Nina mdomo ukutani, natema lakini sili." "Mashine ya pesa!" Foleni nzima nyuma inacheka, wazee wanataka na wao wategewe.

Siku hiyo hakuna aliyetega.

"Ulijua tangu lini?" Bethan akauliza.

"Tangu baridi ilipoanza."

"Tangu baridi! Ukala chakula cha Krismasi mezani kwetu, ukanivisha pete, unajua?"

"Nilikula kiapo cha kazi, Bethan. Ningesema ningefukuzwa siku hiyo hiyo."

"Na mimi niliyesaini miaka mitano?"

"Nilikwambia usubiri."

"Uliniambia nisubiri, hukuniambia kwa nini! Mwanamume akimwambia mwanamke asubiri, mwanamke anafikiria mwanamke mwingine. Hafikirii benki."

"Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka. Nikikuona unapanga vifungo vyako, ulimi unaganda."

"Na wewe wanakupeleka wapi?"

Iwan akainamisha kichwa. "Wamenipa nafasi huko mji mkuu, Cardiff."

"Aha. Yaani wewe una pa kwenda."

"Sijakubali."

"Hujakubali, au hujaniambia kama umekubali? Maana kwako hayo mawili ni ndugu."

Hapo Iwan alipaswa kujibu. Akapanga fomu zilizokwisha pangwa. Basi Bethan akaivua pete, akaisukuma chini ya kioo, pale pale alipokuwa akipitisha mfuko wa mauzo.

"Hiyo nayo iweke benki," akasema. "Mkifunga, nenda nayo."

Akatoka bila kufungua mwavuli.

Mwezi ulipoisha wakaja mafundi, wakang'oa ile mashine ya ukutani, wakaziba tundu kwa ubao. Alhamisi ya kwanza wafugaji walikuja wachache. Alhamisi iliyofuata Bethan aliuza zipu moja, na aliyenunua alikuwa Glenys, tena kwa huruma.

"Una nguo ya zipu kweli wewe?" Bethan akamuuliza.

"Nitaitafuta. Sikiliza, nina habari, lakini usinirushie mkasi."

"Sema."

"Nimemwona Iwan stesheni. Suti, begi, viatu vimeng'arishwa. Treni ya Cardiff."

Bethan akaendelea kukunja sufu. Alikunja bunda lile lile mara nyingi mno.

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia. Mpe safari njema."

"Mwongo wewe. Sikio zima limekuwa jekundu!"

Iwan alikuwa ameshatuma ujumbe mwingi. "Naomba tuonane." "Bethan, nijibu hata tusi." "Kuna kitu nataka kukuonyesha." Bethan alisoma wote, hakujibu hata mmoja. Lakini simu ikikaa kimya nusu siku, aliinyanyua kuangalia kama imezimika. Moyo ni mtoto mtundu, unamfukuza mlangoni, anarudi dirishani.

Sasa, Penfelin duka likifa halipigiwi kengele. Mwenye duka huchanganya chokaa, akapaka kioo chote kwa ndani, ili wapita njia wasione rafu tupu. Mtaa Mkuu ulikuwa na vioo vyeupe vingi: duka la viatu, duka la samaki, duka la vitabu. Zamani chokaa ile ilikuwa na maana mbili. Siku hizi imebaki moja.

Jumamosi moja asubuhi, wiki chache baadaye, Bethan alifungua mlango wake, akatazama ng'ambo ya barabara. Kioo cha Mzee Pugh, fundi saa, kilikuwa cheupe pe.

"Glenys!" akaita. "Hata Mzee Pugh?"

Glenys akatoka, akaona, akajishika mashavu. "Masikini! Na jana tu kanunua mkate, hakusema neno."

"Nani anasema neno mtaa huu? Wote wanafunga midomo kwanza, milango baadaye."

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe. Iwan.

"Kitendawili! Amejipaka nyeupe uso mzima, hujui anakwenda kuzikwa au kuolewa. Ni nani?"

Bethan akauona mtaa mzima unazunguka. Anamfanyia dhihaka! Yuko Cardiff na viatu vyake vya kung'aa, anamtania kwa vifo vyao! Akaandika kwa nguvu mpaka kucha ikauma:

"Kuzikwa. Usinitumie tena maishani."

Akaingia stoo, akatoa ndoo na mfuko wa chokaa uliobaki tangu mama yake alipopaka ukuta wa nyuma. Akakoroga.

"Bethan, unafanya nini?" Glenys akamfuata mbio. "Si umesaini miaka mitano wewe?"

"Pango nitalilipa hata kwa kufagia hospitali. Lakini sitakaa hapa kuwa maiti wa mwisho anayewazika wenzake."

"Kunywa chai kwanza."

"Chai! Kila msiba wa mtaa huu dawa yake chai!"

Akachovya brashi, akapaka. Kioo kikaanza kumeza barabara kidogo kidogo: kwanza kanisa, kisha ule ubao wa benki, kisha duka la Mzee Pugh. Machozi na chokaa vikawa vinashindana kudondoka.

Ghafla mlango wa Mzee Pugh ukafunguka kwa kishindo. Mtu akatoka mbio, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, kidogo agongwe na gari la maziwa.

"Bethan! Acha! Jibu umekosea!"

Alikuwa Iwan.

Akaingia dukani anahema. Bethan akamnyooshea brashi kama upanga.

"Wewe si uko Cardiff?"

"Nilikwenda nikarudi. Nilikwenda kusomea kazi ya dirisha la posta. Watu wataweka pesa na kutoa, wa benki yoyote ile, hapo hapo kwa Mzee Pugh. Yeye anabaki na saa zake upande mmoja, mimi upande wa pili. Kibali kimefika jana jioni. Ile kazi ya Cardiff nilishaikataa."

"Na ile chokaa?"

"Tunapiga rangi ndani! Tunajenga kaunta! Duka likizaliwa si linapakwa pia? Umesahau?"

Mzee Pugh naye alikuwa amefika mlangoni, miwani ya kutengenezea saa juu ya paji la uso. "Mimi nilimwambia, binti. Nikamwambia, mtaa huu hakuna aliyefungua duka miaka mingi, watu watadhani nimekufa. Akasema anataka iwe ajabu ya Jumatatu, siku ya kufungua."

Glenys akaanza kulia kwa furaha. Iwan akatabasamu, akasogea.

Bethan hakutabasamu.

"Ajabu," akasema taratibu. "Yaani umenificha tena."

Tabasamu likamtoka Iwan.

"Niliogopa kibali kisije. Hukuwa unajibu..."

"Ungebisha hodi! Barabara ni hatua chache! Ile habari mbaya ulinificha, sawa, kulikuwa na kiapo. Hii nzuri nani alikuapisha? Umeniacha nakoroga chokaa ya kuzikia duka la mama yangu, wewe uko ng'ambo unapamba."

Hata Glenys alisahau kulia.

"Sina la kujitetea," Iwan akasema mwishowe. "Nimezoea kukaa nyuma ya kioo. Nifanye nini?"

"Kafute."

"Nini?"

"Chokaa yote. Sasa hivi. Watu waone mbao, waone vumbi, waone hata kama kaunta imekaa upande. Mimi siolewi na dirisha lililopakwa."

Mzee Pugh akaguna. "Lakini rangi haijakauka, binti..."

"Nyamaza, Pugh," akasema Glenys. "Nenda kalete ndoo."

Iwan alivuka barabara, akaingia ndani kwa Mzee Pugh. Watu wakaanza kukusanyika, maana Penfelin mtu akifuta kioo kilichopakwa ni habari. Alisugua kwa kitambaa, akasugua kwa mkono wa shati, na kila aliposugua ndani ikaonekana zaidi: mbao, misumari, kikombe cha chai kilichosahaulika, kaunta ambayo kweli ilikaa upande. Watu wakacheka. Iwan akawa mwekundu, lakini hakuacha mpaka kioo kikabaki kioo.

Bethan alikuwa amesimama nje, upande wa pili wa kioo kile, kama zamani.

Iwan akatoa pete mfukoni, akaenda nyuma ya kaunta, akaiweka kwenye tundu la chini ya kioo chake kipya, akamwashiria Bethan aingie aichukue.

"Thubutu!" Bethan akamkemea kutoka nje. "Toka huko. Mkono kwa mkono."

Akatoka.

Walifunga ndoa Jumatano mchana, maduka yote yakiwa yamefungwa, maana siku nyingine nani angeacha kazi? Bethan alipotokea mlangoni pa kanisa na shela yake, Glenys alishindwa kujizuia.

"Kitendawili!" akapaza sauti.

"Tega!"

"Amejipaka nyeupe uso mzima!"

"Anaolewa!" ukajibu mtaa mzima.

Vioo vya duka la viatu na la samaki bado ni vyeupe mpaka leo. Ila siku hizi watu wa Penfelin wakipita hapo husimama, wakaweka mikono pembeni mwa macho, wakachungulia kwanza.