Kopo Lenye Taa Nyekundu

Basi lilikuwa limeshaanza kutoka stendi, na fundi umeme alikuwa kiti cha dirishani akiuaga mji uliomshinda. Chumba chake kilishapata mpangaji mwingine. Juu ya paa la basi palikuwa na ngazi yake ya chuma, na mpakiaji alikuwa ameifunga kivivu. Basi lilipokata kona, ngazi ikaporomoka, ikamkosa mzee mmoja kidogo tu, ikamwangukia mwanamke mwenye furushi kichwani.

Mwanamke akaenda chini kifudifudi. Furushi likapasuka, magauni mawili ya harusi yakalala kwenye matope yenye oili.

Fundi aliruka basi likiwa linatembea. Kabla hajasema pole, alipigwa kofi.

"Ngazi ya nani?"

"Yangu, dada."

Akapigwa la pili.

"La kwanza lilikuwa la nini?" aliuliza, ameshika shavu.

"La kufahamiana."

Basi halikumsubiri. Fundi aliyabeba magauni hayo mpaka dukani, akatembea nyuma ya yule mwanamke akiangalia gauni lake la zambarau lilivyomkaa kiunoni, na futi ya ushonaji iliyoning'inia shingoni kama cheni. Watu walimwita Mama Shela, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Alikodisha magauni ya maharusi. Alipokunja mikono ya gauni afue, fundi aliona kovu lililotoka kiwiko hadi kiganja.

"Nani kakukata hivyo?"

"Vijana watatu na panga moja. Saa sita mchana, watu wanapita hapo nje. Hakuna aliyegeuza shingo."

"Huna kamera?"

"Unanipa wewe?"

Fundi alitoa kopo jeusi la plastiki kwenye mfuko wake wa kazi. Mbele lilikuwa na kioo, pembeni taa nyekundu ya betri, nyuma waya mfupi.

"Ndani hamna kitu," alisema. "Ila mwizi hajui. Siku likisemwa, limekufa. Tujue mimi na wewe tu."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako anafanya kazi gani?"

"Ana bucha mtaa wa pili."

"Basi asijue. Bucha ina midomo kuliko soko."

Akalipigilia juu ya mlango, jingine juu ya kioo cha kujaribia. Hakuondoka wiki ile, wala iliyofuata.

"Umekula?" Mama Shela alikuwa akimpigia mchana.

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Unataka majina au idadi?"

"Njoo nikupige kofi la tatu."

"Nipo njiani, mpenzi."

Kaka alimvumilia tu. Alikuwa mtu aliyependa kwa hasira. Dada yake alipokatwa panga, alimsaka mmoja wa wale vijana, akamvunja mguu kwa mpini wa shoka. Sasa kila aliyenunua nyama aliambiwa: duka la dada yangu lina kamera, jaribuni tena. Na kweli miezi mitano hakuna aliyejaribu.

Jumatatu moja asubuhi Mama Shela alikuta kufuli limekatwa. Magauni saba hayapo. Mwizi alikuwa amevuta kiti chini ya kamera, akavuta sigara mbili, akazima vipisi sakafuni. Mtu huyo hakuogopa kuonekana. Alijua.

Akampigia fundi.

"Ni watu wawili tu waliojua, Fundi."

"Kwa hiyo unasema ni mimi?"

"Sijasema. Nimehesabu."

"Hesabu tena, Shela."

"Mkasi wa kukatia kufuli unao?"

Fundi aliutazama mfuko wake wa kazi. Alikuwa nao, kila fundi anao. Simu ikakatika, na hata yeye hakujua nani kaikata.

Kaka alikuwa amefika, aproni ina damu ya asubuhi.

"Tuonyeshe picha."

"Zimeharibika, kaka."

"Zimeharibika, au unamfichia bwana wako?"

Mama Shela aliinama kuokota vipisi. Kumwambia kaka ni kuuambia mji mzima, na moyoni mwake mwenyewe palikuwa na sumu ya shaka. Kaka aliutazama uso ule, akadhani ameshajibiwa. Akatoka, akawaita vijana wake wawili.

Mpiga pasi wa duka, mwanamke mtaratibu wa miaka mingi, alitikisa kichwa.

"Ungemwambia tu kaka kwamba hiyo kamera haina waya, asingekasirika hivi."

Mama Shela aligeuka polepole.

"Nani kakwambia haina waya?"

Mpiga pasi aliangalia pasi yake. "Si ulinituma nifute vumbi? Nilipanda kiti, nikaona waya umeishia nyuma ya pazia, haufiki popote."

"Ukamwambia nani?"

"Bwana wangu. Tulicheka tu, dada."

Mama Shela alimshika nywele akamgongesha ukutani mara mbili, na pasi ikaanguka ikaanza kuunguza zulia. Hapo simu ikalia. Namba ya fundi, sauti ya kaka.

"Njoo bucha. Fundi wako mgumu."

Alikimbia peku, futi shingoni, pini zimechomekwa kifuani.

Bucha ilijaa watu hadi barabarani. Fundi alikuwa amepigishwa magoti mbele ya gogo la kukatia nyama, jicho moja limefumba, meno ya mbele hayapo. Vijana wawili walikuwa wameukandamiza mkono wake wa kulia juu ya gogo. Kaka alikuwa na shoka dogo.

"Uliipitaje kamera?"

"Sikwenda dukani."

"Kamera imekuona."

Neno moja, kwamba kopo ni tupu, lingemwokoa. Lakini mlangoni, akiegemea gongo, alisimama kijana aliyevunjwa mguu, na nyuma yake wenzake wawili, wote masikio. Fundi aliwatazama, akafumba lile jicho lililobaki.

"Kama imeniona, imeniona," alisema.

Shoka lilishuka. Kidole kidogo kilibaki kwenye gogo pamoja na vipande vya mfupa. Fundi alitoa sauti ambayo hata wachinjaji hawakuwahi kuisikia.

Mama Shela alipasua kundi kwa viwiko. Akauweka mkono wake wenye kovu kando ya ule unaovuja.

"Kata na huu."

"Toa mkono, mdogo wangu."

"Kopo lile, kaka. Halioni. Halijawahi kuona mtu, ni plastiki na betri." Alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Yeye alijua, akanyamaza ili mimi nisikatwe tena. Mwizi ni bwana wa mpiga pasi. Sasa kata, au weka chini."

Kaka aliweka chini. Mlangoni, yule wa gongo alicheka kidogo, akaondoka na wenzake.

Kwenye pikipiki ya kwenda hospitali Mama Shela alimfunga fundi mkono kwa futi yake, akakaza mpaka namba hazisomeki.

"Nilikushuku," alimwambia sikioni.

"Najua."

"Nisamehe."

"Bado. Kwanza nioe."

"Mwanamke ndiye anayeolewa, wewe."

"Basi uolewe. Mimi sina meno ya kubembeleza."

"Ukipona nakupiga kofi," alisema, akilia mgongoni kwake.

Siku nne baadaye, saa sita mchana, wale watatu walivunja duka. Walichukua magauni yote, vioo na cherehani, na wakachoma walichoshindwa kubeba. Mama Shela hakuwepo. Alikuwa hospitali akimlisha fundi uji. Bwana wa mpiga pasi alikamatwa stendi, watu wakampiga, akafa kabla polisi hawajafika. Mpiga pasi alihamia kwa mama yake. Kaka alifungwa miaka miwili. Dada yake alimpelekea sabuni kila mwezi, fundi hakwenda. Bucha ilichukuliwa na mmoja wa wale vijana wake wawili wa kazi. Yule wa gongo aliuawa na wenzake wakati wa kugawana. Fundi na Mama Shela walioana kwa kadhi, bibi harusi kwa gauni lile la zambarau, wakahamia mji mwingine. Fundi anapanda ngazi kwa shida kidogo. Wana binti mmoja. Wanagombana sana.