Aliyelala Namba Nne

Jua lilikuwa linazama Ijumaa hiyo, na Karani alikuwa amebakiwa na kazi moja tu: abandike karatasi ukutani, afunge ofisi, aende zake nyumbani. Karatasi yenyewe ilikuwa na mambo mawili, gari litakalowapeleka hifadhini kesho yake na nyumba watakayolala. Wenzake wa kiwanda cha uchapaji walikuwa wameshanawa wino mikononi, wakamzunguka kusoma.

"Umepaona lakini?" akauliza mkata karatasi, mtu asiyeamini hata saa yake mwenyewe.

"Nimelala humo," Karani akajibu.

Ilimtoka hivyo hivyo, kavu kabisa, na akabaki anaisikiliza.

Pale kiwandani palikuwa na sheria moja ambayo haikuchezewa. Ukurasa hauingii mashineni mpaka mtu ausome wote, aandike chini yake "Nimeona", atie sahihi. Mmoja aliwahi kuandika Nimeona bila kusoma, kitabu kizima cha hesabu kikatoka na majibu ya ovyo, na hadi leo wakimtaja wanapunguza sauti. Basi mkata karatasi akachomoa kalamu sikioni, akampa Karani, akanyoosha kidole chini ya karatasi ya safari. Karani akaandika Nimeona. Akatia sahihi yake, ile yenye mkia mrefu.

Na hakuwa ameona kitu.

Jumamosi iliyopita dereva alitakiwa ampitie saa kumi na moja alfajiri. Waende pamoja, ajaribu gari, alale usiku mmoja, ajionee vyumba. Mwenzetu akaamka saa tatu asubuhi, jua limeshamjaa chumbani. Simu ilikuwa imezimika. Alipoiwasha hakukuta dereva amepiga hata mara moja, akajua naye kachapa usingizi. Angeweza kusema siku ileile, wakacheka, yakaisha. Lakini aliona haya. Akashusha pazia, akajifungia siku mbili ili jirani asije akamwona yupo.

Aibu yenyewe ilikuwa na sababu. Safari hii ilikuwa ya kumuaga mama yake mkubwa, dada wa mama yake mzazi, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo na kumtafutia hiyo kazi. Miaka mingi mama huyo alishona migongo ya vitabu kwa mkono, mpaka vumbi la karatasi likamharibu kifua. Sasa anastaafu. Wenzake walipomuuliza anataka zawadi gani, alisema anataka kumwona kiboko. Na kwa Karani aliomba jambo moja tu: amwangalizie chumba kisicho na vumbi.

Mama mkubwa akasogea sasa, miwani juu ya paji la uso. "Na mimi umeniweka wapi, mwanangu?"

"Namba nne, mama mkubwa. Ndicho nilicholala mimi." Akaona bora atie chumvi kidogo ili iaminike. "Shuka za bluu. Dirisha linatazama bwawa. Kioo kina ufa pale pembeni, ila mtu anajiona."

Mama mkubwa akamtazama kitambo. Kisha akampapasa shavu. "Haya. Nimesikia."

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze.

* * *

Kesho yake akawahi kiti cha mbele, amalizane na dereva mapema. Wenzake nyuma walikuwa wanaimba. Akamwinamia dereva.

"Asante kwa kunistiri," akanong'ona. "Ile Jumamosi."

"Kukustiri nini?"

"Ah, bwana. Si unajua."

Dereva akamtupia jicho, akarudisha macho barabarani. "Mimi najua nilikubeba mpaka kule na hukutamka neno njia nzima. Nikawasha redio, ukaizima. Na ule ubaridi ulioingia nao humu ndani... nilivaa koti mchana kweupe."

Karani akacheka. Huyu jamaa ni noma, akasema moyoni, anadanganya kuliko mimi. Akamkonyeza.

Dereva hakumkonyeza. Akafungua kioo cha upande wake kidogo, kama anayetaka hewa.

* * *

Walifika giza likianza kuingia. Nyumba ilikuwa ndefu na ya chini, bati juu, vyumba sita vimejipanga kwenye ujia mmoja. Nyuma yake palikuwa na bwawa, na ng'ambo ya bwawa ndiyo hifadhi yenyewe. Karani alipokanyaga ukumbi, akapigwa na harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi. Hakuna mwingine aliyeonekana kuisikia.

Mtunza nyumba, mwanamke wa makamo mwenye aproni, alimwamkia mama mkubwa kwa heshima zote, akawakaribisha wengine mmoja mmoja. Alipofika kwa Karani akasita. Akamsogelea sikioni.

"Wewe umetoka saa ngapi? Mbona sikukuona ukitoka?"

Kabla hajajibu, daftari la wageni likafunguliwa mezani, kalamu juu yake. Karani akainama aandike jina.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi iliyopita.

Mwandiko wake. Chumba namba nne. Tarehe ya kuingia ipo. Tarehe ya kutoka... hakuna. Na pale pa maoni neno moja tu, Nimeona, na sahihi yenye mkia mrefu.

Mdomo ulikuwa tayari kusema, "Huyu si mimi." Lakini akikana ataulizwa basi yeye alikuwa wapi. Na nyuma yake mkata karatasi alikuwa ameshachungulia daftari kwa juu ya bega.

"Kumbe kweli ulilala!" akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa nimekutilia shaka."

Akampa mkono. Karani akaupokea, na sijui kama kuna mkono uliowahi kumuunguza mtu namna ile.

Yeye mwenyewe ndiye aliyebeba mkoba wa mama mkubwa mpaka namba nne. Alijipa moyo kwamba mwandiko mtu anaweza kuuiga, na dereva anapenda mizaha. Akasukuma mlango.

Shuka zilikuwa za bluu.

Dirisha lilitazama bwawa. Huko majini kitu kizito kilikoroma, na mama mkubwa akapiga makofi. "Kiboko huyo! Umemsikia?" Karani hakumsikia kiboko wala nini. Alikuwa ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, anatazama kioo cha ukutani. Pembeni pake palikuwa na ufa. Ule ufa aliutunga yeye, kwa mdomo wake, amesimama kiwandani.

Mama mkubwa akaketi kitandani, akakipapasa kwa kiganja. Katikati palikuwa pamebonyea, urefu wa mtu.

"Kitanda kina joto," akasema kwa furaha. "Watu wakarimu hawa. Wamenipashia."

* * *

Karani alimkuta mtunza nyumba jikoni, anafuta sahani. Akafunga mlango nyuma yake.

"Nani analala namba nne?"

"Wewe."

"Mimi sijawahi kufika hapa!"

Yule mama akaweka sahani chini taratibu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomwogopesha Karani zaidi.

"Ulisema umelala?"

"Nilisema."

"Ukaandika?"

"Nikaandika..."

"Chumba kile hakitaki kusingiziwa," akanong'ona. "Mtu akisema kalala mle, lazima awepo aliyelala, hata kama siku yenyewe imeshapita. Asipokuwa yeye... huletwa mwingine."

"Ni jini? Watu wamefanya uchawi mle?"

"Mimi nilikuta hivyo. Aliyenikabidhi funguo naye alikuta hivyo. Ninalojua ni moja." Akaangalia mlango kwanza. "Huo uongo wako kautubu mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa uliyemdanganya. Leo. Jenereta huzimwa saa tatu. Sema kabla ya hapo. Na usikubali akutangulie."

"Nani anitangulie?"

Mtunza nyumba akachukua sahani nyingine, akaendelea kufuta.

* * *

Kwa hiyo alijua la kufanya. Tusije tukasema hakuambiwa.

Mezani aliketi karibu kabisa na mama mkubwa. Ilikuwa saa moja na ushei, muda ulikuwepo wa kutosha. Lakini mkata karatasi akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Gari zuri, malazi mazuri," akatangaza. "Huyu kijana sahihi yake ni sahihi!"

Wakacheka, wakampigia makofi. Mama mkubwa alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Karani akainuka. Makofi yakazidi, kisha yakatulia, na nyuso zote zikamwelekea.

"Mama mkubwa," akasema, "nina jambo..."

"Sema, mwanangu."

Aliyaona macho yake. Yalikuwa yanangoja, hivi hivi tu, bila haraka. Akauona na mkono wa mkata karatasi uko tayari kupiga makofi tena. Uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

"Nina jambo... nilitaka kusema karibuni sana. Kuleni mshibe."

Wakaangua kicheko, wakasema kijana kazidiwa na furaha. Mama mkubwa peke yake hakucheka. Baada ya muda akasema kifua kimemchoka, anakwenda kujilaza. Karani akamwacha aende. Akajiambia namaliza chai hii, namfuata. Akamimina nyingine. Hiyo nayo aliinywa polepole, jamani, huku saa ya ukutani anaiona.

Zilipobaki dakika kumi akainuka kitini.

Ujia ulikuwa mtupu. Ile harufu ya nguo mbichi ilikuwa imekolea, inakaba koo. Chini ya mlango wa namba nne palikuwa na mstari wa mwanga. Akainua mkono abishe hodi.

Ndani kulikuwa na mtu anaongea.

Sauti ya mwanamume. Ya chini, yenye kukwaruza kidogo... Aliijua sauti hiyo.

Ilikuwa yake.

"Mama mkubwa, nina haya."

"Sema, mwanangu."

"Sikufika Jumamosi ile. Nililala mpaka saa tatu. Nikashusha pazia, nikajificha siku mbili. Ule ufa wa kioo niliutunga ili mniamini. Uliniomba kitu kimoja tu, na sikukifanya."

Halafu ikalia. Ililia vizuri, bila kujizuia, kama Karani alivyokuwa akilia utotoni na kama ambavyo hakuwahi kulia tena tangu awe mtu mzima.

"Nilijua," mama mkubwa akasema. "Tangu mdogo, ukidanganya unazidisha maelezo. Shuka za bluu, sijui kioo. Nilijua tangu pale kiwandani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Pale mezani nikadhani ndiyo unasema." Akakohoa, akatulia. "Basi, baba, yameisha. Nimekusamehe."

Nimekusamehe.

Karani alilisikia neno hilo akiwa nje ya mlango, na halikuwa lake.

Taa zikazimika.

"Mama mkubwa!" Akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Mama mkubwa, mimi niko huku! Fungua!"

"Nani huyo?" Mama mkubwa alikuwa ameshtuka, sauti imejaa hofu.

"Usiogope," ile sauti ikamjibu, tulivu kabisa. "Kuna mtu kakosea mlango."

* * *

Aliamka kumekucha, juu ya shuka za bluu. Hakukumbuka ameingia vipi. Mkoba wa mama mkubwa haukuwepo. Joto la kitanda lilikuwa limekwisha, na alipopita mbele ya kioo hakuthubutu kutazama.

Huko nje injini ilikuwa inanguruma.

Akatoka mbio mpaka ukumbini. Gari lilikuwa uani, mlango wazi, wenzake wanapanda. Mkata karatasi alikuwa anawahesabu kwa kidole. "Kumi... kumi na mmoja. Tumetimia, twende tukawaone wanyama." Na pale mlangoni, amevaa shati lake yeye Karani, alisimama mtu anayemshika mama mkubwa mkono ili apande. Mtu yule alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa vumbi kwenye kiti kwanza, kwa sababu ya kile kifua. Akapangusa na egemeo. Ndipo akamketisha, akakaa pembeni yake.

Karani hakuwahi kumpangusia kiti hata siku moja. Hilo ndilo lililomchoma, kabla hata ya woga.

Mama mkubwa akageuka dirishani, akamwona pale ukumbini.

"Yule nani?" akauliza.

Wote wakageuka. Mkata karatasi, dereva, wenzake wote, kila uso ukatoka dirishani kumtazama mtu asiyewahusu, kifua wazi, kasimama na nguo za kulalia. Alikuwa na nafasi bado. Sentensi moja ingetosha: ni mimi, mimi ndiye niliyewadanganya. Aliipata yote kichwani, akafungua mdomo. Na damu ikampanda usoni, ile ile ya mezani, macho yote yale, na mama mkubwa naye anatazama... Akainamisha uso kidogo, kama mtu yeyote mwenye haya anavyoinamisha. Alitaka kuvuta pumzi tu, kisha aseme.

Alipoinua uso gari lilikuwa limeshageuka kuelekea getini, na mama mkubwa amelaza kichwa begani kwa yule mwingine.