Rola Mfukoni mwa Fundi

Siku ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, chumba cha printa cha maktaba ya chuo kilijaa mpaka mlango ukagoma kufungika. Wanafunzi walisukumana, mmoja akiizaba mashine makofi ya ubavuni, mwingine akiibembeleza kama mgonjwa. Fundi wa printa alipoingia na ovaroli yake ya kijivu, alimkuta mwanamke amekaa juu ya boksi la karatasi katikati ya vurugu ile, gauni la rangi ya machungwa, daftari gotini, anaandika kwa utulivu kana kwamba yuko sebuleni kwake.

"Dada, unangoja zamu?"

"Hapana, kaka. Nawahesabu wanaoipiga. Wamefika kumi na mmoja."

"Na wanaoiomba msamaha?"

"Wawili. Wewe ukiipiga nitakuandika wa kumi na mbili."

Fundi akapiga magoti, akafungua tumbo la mashine, akavuta karatasi iliyokuwa imejikunja ndani kama shuka la mtoto. Alikuwa na vidole virefu vya upole, na yule mwanamke, Mtafiti, aliviona. Chuo kilikuwa kimempa mkataba wa miezi sita achunguze namna watu wanavyotumia printa za pamoja, maana malalamiko yalikuwa yamezidi kimo na kila ofisi ilitaka mashine yake peke yake. Kazi yake ilikuwa kukaa, kutazama na kuuliza. Siku ile alimuuliza Fundi maswali kwa robo saa, na katika miaka tisa ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza Fundi chochote ila "itapona lini?"

"Kuna jambo lolote nimesahau kukuuliza?" akamalizia. Ndilo swali alilofungia mazungumzo na watu wote.

"Lipo. Hujaniuliza namba yangu ya simu."

Mtafiti akacheka, mwanya ukaonekana, akaiandika.

Mapenzi yao yalikwenda mbio kuanzia hapo. Simu ya asubuhi, simu ya mchana, chai ya saa kumi kwenye benchi nje ya karakana. Mtafiti alimwita "daktari wangu", naye Fundi akamwita "laazizi" mbele ya watu, bila haya. Lakini Fundi alikuwa na ila moja, na heri isemwe mapema: alikuwa na wivu. Haukuwa ule wivu mdogo unaonogesha mapenzi. Wa kwake ulimkosesha usingizi.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alipita ukumbi wa chini wa jengo la utawala, palipokuwa na printa kuukuu kuliko zote chuoni. Akamwona Mtafiti na bwana mmoja, mhadhiri, suti nyeusi iliyopigwa pasi ikanyooka, miwani ya giza, manukato yaliyofika mpaka mlangoni. Mkono wa Mtafiti ulikuwa juu ya mkono wa yule bwana, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya vitufe. Walipoondoka, bwana alimshika kiwiko.

Fundi akajificha nyuma ya kabati la majalada, akapiga simu.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kazini, mpenzi."

"Na nani?"

"Na mshiriki wa utafiti."

"Hana jina?"

"Analo. Ila nimeahidi kwa maandishi kutomtaja wala kusema tunazungumza nini. Wote nimewaahidi hivyo, hata wewe."

"Mimi sina cha kufichwa."

"Basi una bahati, daktari wangu. Wengine wanacho."

Jibu lile lilikuwa la haki kabisa, nalo likamchoma Fundi kuliko uongo. Alhamisi walikutana tena pale pale, saa ile ile. Jumanne iliyofuata, kabla ya saa nne, Fundi aliifungua printa ile kuukuu, akachomoa rola ndogo ya mpira inayovuta karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akasimama mbali kutazama. Mtafiti alibonyeza, akabonyeza tena, akampigia simu aje. Fundi akasema yuko jengo la mbali, ana kazi nyingi. Jioni akairudisha rola mahali pake. Akaitoa mara nne katika wiki mbili, na kila mara alihisi ameshinda, kisha akalala vibaya.

Ijumaa wakakaa kwenye benchi lao.

"Ile printa ya chini ina ugonjwa gani?" Mtafiti aliuliza. "Imekufa mara nne, zote siku ninazoihitaji."

"Uzee tu."

"Basi nimeshaandika iondolewe, iletwe mpya kama zile nyingine. Imeniuma, ila mashine isiyochapa haimfai mtu. Kamati inakaa Jumatatu. Ripoti ikikubalika, wananiongezea mkataba mwaka mzima."

"Iondolewe. Ingawa kuna bwana wako mmoja ataumia."

Mtafiti akaweka kikombe chini taratibu. "Bwana wangu?"

"Namwona anavyokushika kiwiko. Au na hilo ni siri ya utafiti?"

"Kwa hiyo unanichungulia."

"Nakupenda."

"Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," Mtafiti akasema, akasimama, akakung'uta gauni lake. "Konda peke yako." Tangu saa ile simu za Fundi kwake ziliita bila kupokelewa, Jumamosi na Jumapili nzima. Rola aliyoitoa Alhamisi, mara ya nne, ilikuwa bado mfukoni. Hakuwa hata na moyo wa kuirudisha.

Jumatatu asubuhi, yule bwana wa suti aliingia karakana. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango, akapapasa hewani mpaka akapata mgongo wa kiti. Fundi alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Akayaacha, akamsogezea kiti.

"Fundi, nina shida," bwana akasema. "Macho yangu yananiacha. Mwaka wa pili sasa. Idarani sijamwambia mtu, nachelea wataninyang'anya darasa. Printa zenu mpya ni kioo kitupu, kidole hakina pa kushika. Ile ya chini ina vitufe. Yule binti amenifundisha kwa kuhesabu: cha tatu kutoka kushoto, mara mbili. Hapo natoa maandishi yangu kwa herufi kubwa kubwa, nafundisha. Nasikia wanaitoa leo. Wewe ni wa pili kujua haya, nakuomba yaishie kwako. Ila niambie, mashine ile haitengenezeki?"

Fundi aliishika ile rola ndani ya mfuko. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Inatengenezeka, mwalimu," akasema.

Kamati ilikuwa imeshaanza. Mtafiti alisimama mbele ya watu sita, gauni la buluu, kalamu mkononi, anaonyesha jedwali lake. Mkuu wa maktaba, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamtazama Fundi mlangoni.

"Hukuitwa, Fundi."

"Najua, mama." Akaiweka rola juu ya meza. "Printa ya chini haina ubovu. Mimi ndiye niliyekuwa naitoa hii. Mara nne."

"Kwa sababu gani?"

"Wivu."

Mtu mmoja akakohoa. "Unaionea wivu printa?" mama akauliza, na meza nzima ikacheka. Mtafiti hakucheka. Alilitazama jedwali lake, kazi ya miezi mitano, akachora mstari juu ya safu nzima.

"Ripoti yangu ina uongo ndani yake," alisema. "Naomba wiki moja."

Walimpa wiki. Fundi walimpa barua ya onyo.

Siku mbili baadaye Mtafiti alifika karakana, daftari kifuani, uso umefungwa.

"Nimekuja kikazi. Ulitoa rola siku zipi?"

Akamtajia.

"Kwa nini?"

"Kuna mtu nilimwonea wivu."

"Mtu gani?"

"Siwezi kumtaja. Ana siri yake, na si yangu kuitoa."

Kalamu ikasimama. "Alikuja kwako?"

"Hilo nalo siwezi kulisema, laazizi. Hata kwako."

Mtafiti akainamisha kichwa, na alipokiinua macho yalikuwa yamelowa. "Ripoti mpya inasema printa ya vitufe ibaki, na kila jengo lipate moja kama hiyo. Na sijakusamehe bado."

"Najua."

"Ukirudia, nakuandika kundi la wapiga mashine."

"Niandike wa kwanza."

Akafuta macho kwa kiganja, akafungua ukurasa mpya. "Kuna jambo lolote nimesahau kukuuliza?"

"Lipo. Hujaniuliza mjomba wangu aje kwenu siku gani."

Pembeni printa moja ilikuwa ikijipasha moto.

"Mjomba wako naye ana wivu?"

"Hana. Ndiyo maana namtuma yeye."

Mwanya ukaonekana kidogo, ukafichwa. Akaandika, akaligeuza daftari Fundi asome. Ilikuwa imeandikwa: Jumamosi, saa nne asubuhi.