Kishikio cha Kumi

Mbwa wa Bi Doreen Huckstep alibweka tangu usiku mpaka kukapambazuka. Bi Doreen, mwenye miaka sabini na minne na chuki za kutosha mtaa mzima, alijua wa kumlaumu. Alivuka ua na slipa zake akaenda kugonga banda la jirani yake Kieron Blaize, lile lililojaa spika mpaka darini. Hakujibiwa. Akasukuma mlango.

Kieron alikuwa ameketi, uso umelala juu ya meza ya kuchanganyia sauti. Waya wa hedifoni ulimzunguka shingo mara mbili. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Bi Doreen aliwaambia polisi kwamba kilichomshangaza zaidi ni kimya, maana kijana yule hakuwahi kunyamaza hata siku moja.

Inspekta Yvette Pascall alifika Thornton Heath saa mbili na nusu asubuhi. Alikulia mitaa hiyo hiyo ya kusini mwa London, na ujanani alimaliza soli za viatu vingi kwa muziki wa gereji. Si gereji ya magari, bali ule wa ngoma zinazochechemea na besi inayotikisa mbavu. Jina la Kieron alilijua. Ijumaa hiyo santuri yake mpya ilikuwa itoke, na vijana walikuwa wameshaililia mwezi mzima.

Aliingia bandani akainama juu ya maiti. Sajini wake, Beth Colclough, alikwama mlangoni, viganja masikioni.

"Bosi, hiyo filimbi ya nini?"

"Filimbi gani?"

"Inalia. Kali kweli. We huisikii?"

Inspekta alisikiliza. Hakusikia kitu; sauti za juu mno husikiwa na vijana tu, na wanyama. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na dakika ile alijiona ana tisini. Mtaalamu wa alama za vidole, msichana wa juzi tu, naye alikuwa amejiziba masikio kwa pamba. Inspekta peke yake ndiye aliyesimama pale kwa raha zake, na raha hiyo haikumpendeza hata kidogo.

Mezani kulikuwa na vishikio kumi vya kupandisha na kushusha sauti. Tisa vilikuwa vimeshushwa mpaka chini na kufutwa safi, havina alama ya kidole hata moja. Kwenye mikwaruzo yake mtaalamu alibandua nyuzi nyembamba nyekundu za mahameli. Kishikio cha kumi kilikuwa juu kabisa, hakijafutwa, na alama zilizokuwapo zilikuwa za marehemu tu. Hicho ndicho kilichobeba filimbi. Beth alikishusha kwa ncha ya kalamu, na uani mbwa akanyamaza.

Daktari alikadiria kifo kuwa kati ya saa tatu na saa nne za usiku uliopita.

Kufikia saa sita mchana walikuwa na mshukiwa, na Mrakibu Garside, mkubwa wao, alikuwa na furaha. Mshukiwa alikuwa Leon Quashie, miaka ishirini na miwili, mshirika wa Kieron. Alama zake zilikuwa kwenye waya. Ujumbe wake ulikuwa kwenye simu ya marehemu: *Ukiitoa ikiwa hivyo nitakunyonga.* Garside aliusoma mara mbili, akasema kazi imekwisha. Sheria ilimpa Inspekta saa ishirini na nne: amfungulie Leon mashtaka ya mauaji au amwachie.

"Gazeti la kesho lingekuwa linauzwa sasa hivi ningelinunua, habari yake naijua," Garside alisema. "Usinitafutie makuu, Yvette."

Leon alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Waya ule, alisema, aliushika kila siku ya Mungu. Na ugomvi ulikuwa juu ya santuri ya Ijumaa. Kieron alitia humo filimbi, akakataa kuiondoa.

"Kwa nini aliitia?"

Leon alitazama chini. "Ilikuwa mzaha."

"Mzaha wa kumfanyia nani?"

"Duke."

Duke Lascelles. Inspekta hakuhitaji kuelezwa. Kila aliyecheza dansi kule Croydon, jirani na Thornton Heath, kwa miaka thelathini alimjua Duke, mpiga santuri mwenye kofia ya manyoya. Siku hizi alikuwa na duka la santuri, tena ndiye aliyeichagulia kampuni moja ya muziki nyimbo za kutoa. Neno lake moja lilimtoa mtu au likamzika.

Leon alieleza huku anakwepa macho. Ijumaa iliyopita Kieron alimpelekea Duke santuri moja tu, ile laini inayokatwa kwa ajili ya kujaribia wimbo kabla haujatoka. Duke akaipiga klabuni. Mle ndani kulikuwa na vijana mia nne. Filimbi ilipoanza wote waliinua mikono wakaziba masikio, wakapiga kelele.

Inspekta akaelewa hapo hapo. Kwenye muziki huo, watu wakiinua mikono na kupiga kelele wanakuwa wameupenda wimbo, na mpigaji huusimamisha, akaurudisha mwanzo. Hakuna heshima inayozidi hiyo.

"Akarudisha," Inspekta alisema.

"Mara tatu. Anatabasamu. Anatuambia, nawapenda, wanangu." Leon alijifuta kamasi kwa mkono wa shati. "Kieron alikuwa anarekodi video. Nilimwambia isambaze ukitaka, lakini kwenye santuri usiiache. Yule mzee katufundisha sote."

Chini ya meza Inspekta aligusa simu ya Beth, pale walipokuwa wameihifadhi ile sauti. Leon aliruka kwenye kiti.

"Zimeni hiyo, jamani."

Ikazimwa. Kwa Inspekta hilo lilitosha. Aliyeua alizima kila alichokisikia, akafuta kila alichokigusa. Kishikio cha kumi hakukigusa kwa sababu kwake kilikuwa bubu. Leon angekuwa muuaji asingeikalia filimbi ile dakika moja.

Garside alimsikiliza, kisha akacheka kwa pua.

"Nimpelekee mwendesha mashtaka mbwa anayebweka na sajini anayeumwa masikio? Kesho saa sita mchana kijana anashtakiwa. Nenda kalale."

Asubuhi iliyofuata Inspekta na Beth walikwenda dukani kwa Duke. Walimkuta anaisafisha santuri kwa brashi ya mahameli mekundu aliyotembea nayo mfukoni tangu zamani, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Inspekta aliiona ile brashi na moyo ukamuuma, kwa sababu ujanani alimpenda mtu huyu kwa mbali, kama walivyompenda wasichana wote wa Croydon.

Duke alisema usiku wa Jumatatu, ule wa mauaji, alikuwa nyumbani, peke yake. Kieron alikuwa na kipaji, alisema, ila kazi zake hazikuwa na sauti za juu. Zilikuwa besi tupu, giza tupu. Ndiyo maana kwa miaka miwili alimrudishia kila wimbo aliouleta.

"Na Ijumaa klabuni?"

"Walinirudishisha mara tatu, dada." Alisema bila kumtazama. "Nyumba ilitaka kuanguka."

Beth aliifungulia filimbi simuni. Mvulana mmoja na mwenzake wa kike waliokuwa wakichambua santuri walitazamana, wakatoka nje kwa haraka. Duke aliendelea kupiga brashi.

Wakamchukua, yeye na brashi yake.

Saa nne na nusu walikuwa kwenye chumba cha mahojiano. Upande wa Duke aliketi wakili wa zamu, Harpreet Gill, miaka ishirini na saba, suti iliyoonekana ya kukodi lakini akili yake mwenyewe. Inspekta alisoma onyo la kisheria, akawasha kinasa sauti, akaweka spika ndogo katikati ya meza. Hakujisikia vizuri. Alijua anachokwenda kufanya, na alijua kwamba Kieron alikifanya kabla yake, kule klabuni.

"Bwana Lascelles, mara ya mwisho kufika bandani kwa Kieron ni lini?"

"Wiki mbili nyuma."

"Jumatatu hukufika?"

"Nimeshasema."

"Hakuna haraka," Inspekta alisema, akabonyeza. "Fikiri kidogo."

Duke alikunja mikono, akasubiri. Sekunde tano. Kumi. Pembeni yake wakili aliangusha kalamu, akajiziba sikio.

"Inspekta, tafadhali, zima hicho kitu."

Duke alimgeukia wakili wake.

"Kitu gani?"

Alimtazama wakili na mkono wake sikioni. Akamtazama Beth, aliyekuwa amefumba macho kwa maumivu. Kisha akaitazama ile spika ndogo, na uso wake ukaanza kuporomoka, kwanza mdomo, kisha mashavu.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inalia bandani," Inspekta alisema. "Imelia usiku kucha. Jirani hakulala kwa mbwa wake. Muuaji aliiacha wazi akaenda zake."

"Uongo," Duke alisema. "Nilizishusha zote. Palikuwa kimya kabisa."

Wakili aliifunga kalamu yake taratibu, akamnong'oneza anyamaze. Duke akamwomba arudie. Alikuwa hajasikia.

Saa tano na dakika kumi maabara ilipiga simu: nyuzi za vishikio na za brashi zilikuwa za kitambaa kimoja. Duke hakuulizwa hata swali. Alianza mwenyewe.

Masikio yalianza kumwacha miaka minane iliyopita, sauti za juu kabisa kwanza, kisha zile za chini yake. Spika alizozisimamia tangu ujana zilikuwa zimekula mshahara wao. Hakumwambia mtu. Mpiga santuri kiziwi ni nani? Ni mpishi asiye na ulimi. Alichagua nyimbo kwa besi, kwa vidole mezani, kwa kutazama nyuso za watu. Kila wimbo wa Kieron aliuona giza. Kumbe vinanda vyote na sauti zote tamu kijana aliziweka juu, kule Duke asikofika.

Mpwa wake ndiye aliyemtumia ile video ya klabuni iliyokuwa inasambaa, Jumatatu mchana. Alitaka kujua kama mjomba ameiona, chini akaweka vikaragosi vya kicheko. Duke akaenda Thornton Heath.

"Nilikwenda kumwomba," alisema. "Sikwenda kugombana. Nilimwambia, mwanangu, iondoe hiyo video, na nitakupa kila unachotaka. Nyimbo zako zote zitatoka."

"Akasema nini?"

"Akaniweka kwenye kiti. Akasema tuanze upya, nikusikie unavyosikia." Duke aliinua kidole, akakisogeza hewani kama anapandisha kishikio. "Anapandisha. Anauliza, sasa? Nasema bado. Anapandisha. Sasa? Bado. Akawa anaandika namba kwenye kiganja changu. Mwishowe nikadanganya. Nikasema, ndiyo, hapo naisikia."

Alikitazama kile kidole, akakishusha.

"Akasema, mzee, hapo nilikuwa sijawasha kitu. Akacheka. Akanigeuzia mgongo aiwashe, anionyeshe ilivyo. Bado anacheka. Miaka miwili umenihukumu, akasema, kwa kitu usichokuwa nacho. Ule waya ulikuwa mezani."

Beth aliandika. Wakili alitazama ukuta. Inspekta alitaka kumchukia yule maiti na akashindwa. Alitaka kumchukia huyu aliye hai, na hilo pia lilimshinda. Alibaki na hasira isiyo na mwenyewe.

Saa sita kasoro dakika kumi Leon Quashie alirudishiwa simu, mkanda na kamba za viatu kaunta. Inspekta alimwambia nani ameua na kwa nini, maana aliona ni haki yake. Leon alikaa kwenye benchi muda mrefu, kichwa magotini. Kisha akainua uso, akauliza kwa sauti ndogo kama polisi wataiacha santuri itoke Ijumaa. Kampuni ndogo inayoitoa, si ile ya Duke, ilikuwa imeshampigia mama yake simu, naye mama kamwandikia: maombi yameongezeka mara kumi tangu habari za kifo zisambae, na wanaitaka pamoja na filimbi yake.

"Utawajibu nini?"

"Nitawaambia sawa," Leon alisema, akatoka.

Inspekta alirudi na maelezo yaliyochapwa. Duke aliyasoma yote, akatia saini kila ukurasa kwa mwandiko ule ule aliowahi kuuweka kwenye mikono ya wasichana. Pingu zilipokuja alizipokea bila ubishi. Lakini hakuinuka.

"Wewe ulikuwa unakuja klabu, zamani," alisema. "Nakukumbuka. Koti la kijani."

"Nilikuwa nakuja."

"Basi nijibu kitu kimoja, na usinihurumie. Video umeiona. Ile mara ya kwanza niliporudisha, walikuwa wameupenda kidogo? Au walinicheka tangu ya kwanza?"

Beth alikohoa. Ilikuwa rahisi kudanganya, na uongo usingegharimu kitu. Inspekta alimfikiria Kieron akiwa amelaza uso mezani, na filimbi inamlilia usiku mzima.

"Tangu ya kwanza," alisema.

Duke alitikisa kichwa taratibu. Alimwomba arudie, kwa sauti zaidi, na Inspekta akarudia.