Rukia Anunue Bodi au Lenzi?

Rukia wa Kizota ni mpiga picha wa sherehe. Mumewe, Zaidi, humsaidia kubeba mkoba na maoni. Maoni huwa mazito kuliko mkoba.

Jumamosi moja mambo yaliharibika. Ukumbini MC alizima taa ili bibi harusi aingie kwa mbwembwe. Picha zikatoka na ukungu. Bibi harusi alionekana kama chandarua kinachokimbia.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Nasra kuolewa. Bibi yake, Bi Tabu, angetoka Kondoa. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, hivyo familia iliomba flashi isiwake.

"Nataka picha moja tu na bibi," Nasra alimwambia Rukia. "Ndiye aliyenilea. Usiniangushe, dada."

Rukia hakulala vizuri.

"Tununue bodi mpya ya kamera," Zaidi alishauri. "Bodi kubwa! Watu wakiiona tu, watakaa sawa."

"Tuna uwezo wa kununua kitu kimoja tu, bodi au lenzi, Baba Shaaban. Tukamwulize fundi kwanza."

Fundi Bartolomayo hutengeneza na kuuza kamera hapo hapo Kizota. Aliwasikiliza, akafunga dirisha, chumba kikawa giza. Akamketisha Zaidi kwenye kigoda.

"Shemeji, punga mkono. Polepole, hutupigi vita."

Kwanza alifunga lenzi ya Rukia kwenye bodi mpya ya dukani kwake. Akapiga. Picha ilikuwa afadhali kidogo, lakini mkono wa Zaidi ulikuwa ukungu mtupu. Kisha alifunga lenzi yake mwenyewe kwenye bodi kuukuu ya Rukia. Safari hii Zaidi alionekana hadi udevu wa mwisho.

"Subhanallah!" Rukia alisema. "Na kamera ni ile ile?"

"Ile ile. Lenzi ni dirisha la mwanga. Dirisha likiwa dogo, kamera hukaa wazi muda mrefu kukusanya mwanga. Mtu akitikisika, ukungu. Soma namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Yako ni 5.6. Hii ni 1.8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa."

"Kumbe kidogo ndicho kikubwa?" Zaidi alishangaa.

"Naam. Na kwako shemeji, maneno makubwa, kazi ndogo."

Rukia alicheka, kisha akauliza, "Kwa hiyo bodi hainunuliwi kamwe?"

"Hununuliwa, dada. Yako ikifa, au ikishindwa kazi hata ukiipa lenzi nzuri. Ila lenzi iwe inaingia kwenye bodi yako, na uijaribu kabla ya kulipa."

Rukia alinunua ile lenzi ya 1.8.

Jumamosi MC alizima taa kama kawaida yake. Ilibaki balbu moja juu ya keki. Bi Tabu alimshika Nasra mashavu kwa mikono miwili. Rukia alisogea, akatulia, akabonyeza.

Mbali na ya Nasra, alisafisha nakala mbili za picha hiyo. Ya kwanza alimpelekea fundi.

"Asante, kaka. Ungeweza kuniuzia bodi ukanyamaza."

Ya pili aliipeleka kwa Bi Tabu, akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Bi Tabu aliisogeza picha karibu na macho yake mapya.

"Nilidhani siku ile nililia tu," alisema. "Kumbe nilicheka pia. Mungu akuzidishie."